Spinachi au giligilani kwa kasuku?

Zote mbili ni salama kwa kasuku, lakini si kwa kipimo kimoja.

Spinachi ina sifa nzuri: imejaa malighafi ya vitamini A, ambayo kasuku anayelishwa mbegu tupu huikosa sana. Tatizo lake ni oksaleti, kemikali za asili zilizomo kwenye majani yake. Hizi hushikana na kalsiamu tumboni, na ndege hanufaiki nayo ipasavyo. Kwa kasuku wa kijivu jambo hili si la kupuuza, maana jamii hiyo hujulikana kwa kupungukiwa kalsiamu hadi kupata degedege. Jike anayetaga naye anaihitaji kwa ajili ya maganda ya mayai. Kwa hiyo spinachi mpe mara mojamoja, majani machache tu.

Giligilani, au dania kama wengine waiitavyo, oksaleti zake ni chache mno, nayo vitamini A haikosi. Harufu yake huwavuta ndege wengi. Wengine watakurushia usoni (kasuku hana adabu ya mezani). Shina lake pia linalika. Mimi ningeichagua hii kuwa ya kawaida.

Yoyote utakayochukua, ioshe vizuri kwa maji yanayotiririka kuondoa dawa za shambani, na toa mabaki baada ya saa chache kabla hayajachacha. Usichanganye kamwe na parachichi, kitunguu wala kitunguu saumu. Parachichi hasa linaweza kumuua.