Saksafoni yenye jina usilolijua: ipi ununue, ipi uiache

Simu yangu imejaa picha za saksafoni, na swali ni lile lile: "Dada, nimepata alto, imeandikwa jina hili, hii ni ya wapi?" Alto ni saksafoni ndogo kuliko tenori. Wengi wanauliza wakiwa wameshalipa. Mmoja wao, mpigaji wa bendi ya kanisa, alinunua alto kuukuu ya Kimarekani yenye maua yaliyochongwa kwa ustadi mkubwa. Kufika mazoezini, haikupatana na kinanda hata kidogo. Fundi akabadilisha pedi zote, yaani vifuniko laini vinavyoziba matundu, hali ikabaki vile vile. Nikamwomba anipigie picha ya sehemu moja tu: nyuma ya bomba, pale palipogongwa namba. Chini ya namba palikuwa na herufi H.

Herufi hiyo sijaona muuzaji hata mmoja anayeitaja. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya Marekani vilitengeneza saksafoni za sauti mbili. Zile za sauti ya chini zilifuata noti A ya mitetemo 440 kwa sekunde, ambayo ndiyo tunayotumia hadi leo. Za sauti ya juu zilifuata A ya karibu 457, kwa ajili ya bendi zilizokuwa zikipiga juu zaidi. Ya chini ilipigwa muhuri L, LP au maneno "Low Pitch". Ya juu H, HP au "High Pitch". Saksafoni ya H bomba lake ni fupi na matundu yake yamepangwa kwa urefu huo. Ukivuta kipande cha mdomoni ili kuishusha, noti zenye bomba fupi zinashuka sana na zenye bomba refu zinashuka kidogo, kwa hiyo unapata saksafoni isiyopatana hata na yenyewe. Fundi hana la kufanya hapo. Usiinunue kwa bei yoyote, labda kama unataka pambo la ukutani.

Sasa haya majina mengi yanatoka wapi? Duka au msambazaji aliagiza saksafoni kiwandani na kutaka jina lake ndilo lichongwe. Conn, Buescher na Martin, vyote vya mji mmoja wa Elkhart, Indiana, viliuza maelfu kwa njia hiyo. Kwa hiyo jina lililochongwa mbele linakueleza aliyeuza. Unachopaswa kutafuta ni kiwanda, na mpangilio wangu ufuatao nimeupanga kwa viwanda.

Ya kwanza kwangu ni Vito iliyogongwa neno "Japan". Vito lilikuwa jina la kampuni ya Leblanc ya Kenosha, Wisconsin, lakini hizi, hasa modeli 7131, zilitengenezwa na Yamaha. Mimi ni mtu wa Yamaha na sifichi. Imekuwa ikitengeneza saksafoni tangu 1967, vidole vinakaa vyenyewe mahali pake, na hata ile ya wanafunzi inapatana juu hadi chini. Ukipata YAS-23, alto ya wanafunzi ya Yamaha, kuukuu, chukua. Ukipata Vito hii, unapata ndugu yake kwa jina ambalo wauzaji wengi hawalijui. Lakini soma mhuri, maana ziko Vito zilizotengenezwa Ufaransa na nyingine Taiwan.

Ya pili ni zilizotoka kwa Keilwerth. Julius Keilwerth alianza mwaka 1925 mji wa Graslitz, Czechoslovakia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani wa kule walifukuzwa, naye akaanza upya Nauheim, Ujerumani Magharibi. Viwanda vya Graslitz vilitaifishwa vikawa Amati. Kiwanda cha Nauheim kilitengeneza pia saksafoni za majina ya watu wengine, H. Couf ikiwa mojawapo inayosifiwa sana. Sauti yake ni nene, na aliyekua akisikiliza rumba ya Verckys, mpigaji saksafoni wa Kongo, ataipenda hasa kwenye tenori. Amati iweke hatua moja nyuma: imara, ila mpangilio wa vibonyezo unachosha kidole kidogo cha kushoto.

Taiwan ni ya tatu, na ningependa watu waache kuidharau. Houli, wilaya ya jiji la Taichung, pamejaa mafundi wa saksafoni. Jupiter inatoka Taiwan. P. Mauriat pia, ingawa jina lake linanukia Paris.

Ya nne ni zile za Elkhart zenye majina ya maduka, kama zina L. Ya Martin utaitambua kwa ukucha: upitishe kwenye shina la tundu, utaona tundu lilitengenezwa peke yake kisha likachomelewa kwenye bomba. Kwa wengine tundu limevutwa kutoka kwenye bati lile lile. Ya Conn mara nyingi ina mhuri wa hataza wa Desemba 8, 1914. Martin ina sauti tamu, ila mchomeleo ukilika unavuja, na hilo pedi mpya haliponyi.

Mpya za bei ya chini kutoka Tianjin, China, zenye majina yanayobadilika kila msimu: vyuma vya vibonyezo ni laini na vinapinda. Kodisha kuliko kununua hizo.

Kinachoniudhi zaidi ni neno Selmer. Selmer ya Paris ndiyo iliyotoa Mark VI, saksafoni yake inayosifiwa sana, mwaka 1954. Bundy ilitoka Selmer ya Marekani, kwa wanafunzi, na nyingi zilifuata michoro ya Buescher baada ya Buescher kununuliwa mwaka 1963. Ni chombo kizuri cha kujifunzia. Lakini madalali wanaiita "Selmer original", wanaipandisha bei mara tatu, na ukiomba picha ya nyuma wanakwambia simu yao haina kamera nzuri, wakati picha ya maua imetoka safi kabisa. Kijana aliyechangiwa na kwaya nzima analipa bei ya Paris kwa saksafoni ya shule. Muuzaji akikataa kukuonyesha namba na herufi iliyo karibu nayo, usitume hata shilingi ya kushikia.