Nyumba nyota tano, muongozaji sijui nimpe ngapi

Jamani kama mnaenda Cairo kuziona zile nyumba za kale nendeni, wallahi zinatisha kwa uzuri, lakini tua ya "nyumba za Waislamu kwa macho ya wachoraji wa Ulaya" niliyouziwa mimi kwenye apu muifikirie mara mbili. Au ichukueni ila mzibe masikio. Bado nina hasira hapa ninapoandika.

Tulianza Bayt al-Suhaymi, ile ya Darb al-Asfar. Unaingia kwenye kijia kinachopinda, wa nje haoni kitu cha ndani, mara unatokea uani penye miti na kajoto kote kameisha. Mimi mtu wa Lamu nikajiona niko nyumbani kabisa. Sasa tukaingia ukumbi wa chini, huyu bwana akatoa picha zake za kupigwa plastiki, akainua moja ya mchoraji Mwingereza John Frederick Lewis ya 1873, wanawake wamejipamba wanapokea wageni kando ya kidimbwi, akasema hivi ndivyo akina mama walivyokuwa wakikaa humu. Humu wapi? Ukumbi kama ule wa chini ni mandara, wanapokelewa wanaume! Kwetu hata mtoto anajua mgeni mwanamume anaishia dakani, pale kwenye kibaraza cha mlangoni, kule ndani hakumhusu. Nikamuuliza kwa adabu zote, samahani kaka, mbona wanawake wamewekwa mandarani? Akanijibu mbele ya kikundi kizima: "Madam, mchoraji alikuwepo, wewe hukuwepo." Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza maana nililelewa, lakini moyo unachemka.

Alikuwepo wapi sasa? Lewis aliishi Cairo 1841 mpaka 1851, sawa, alipanga nyumba na akaichora chora sana, lakini 1873 mzee yuko zake Walton-on-Thames Uingereza, zaidi ya miaka 20 ameshaondoka, anachora kwa michoro yake ya zamani na mke wake Marian mara nyingi ndo anakaa achorwe kama mfano. Mwanamume mgeni, tena si ndugu, angeingizwa kwenye haremu, yaani sehemu ya wanawake, ya nani? Lakini wale wa London walivyoiona picha yake ya haremu kwenye maonyesho ya 1850 wakapagawa, wakaamini ndo penyewe. Na huyu kijana wa watu, kazaliwa palepale, anaamini picha kuliko nyumba anayosimama ndani yake!

Haya, nimtendee haki Lewis. Ile mbao ameiweza. Masharabiya, zile kimia za mbao za madirishani, ni vijiti vilivyokerezwa kimoja kimoja vikapachikwa, na yeye kachora mpaka jua linavyopita katikati na kumwagika vidoa vidoa kwenye nguo na zulia. Tulipofika Bayt al-Kritliyya, ile ya ubavuni mwa msikiti wa Ibn Tulun aliyoishi Gayer-Anderson, Mwingereza mkusanyaji wa vitu vya kale, 1935 hadi 1942, niliona vidoa vilevile mkononi mwangu. Hapo ndo nilitaka muongozaji aongee, aseme jinsi mwanga unavyoingia, asimame hata dakika tano. Wapi, "twendeni twendeni, muda."

Halafu akafungua kabati. Yaani kabati la ukutani, kumbe ni mlango! Unapita unatokea kwenye roshani iliyofichwa kwa masharabiya, chini yako ukumbi mkubwa wa wageni wote unaonekana, na aliye chini hakuoni ng'o. Wanawake walikuwa wanakaa hapo wanawachungulia wanaume wa watu, nani kaja, kavaa nini, kacheka kwa lipi. Nikamsamehe kila kitu palepale, nikasema huyu nampa nne, hata tano. Basi si akafungua mdomo: "Hii ilikuwa jela yao ya kifahari." Jela! Anayeonwa ni nani na anayeona ni nani?

Nililalamika kwenye apu wakanijibu kwa punguzo la bei la tua ijayo, na muongozaji ni yuleyule. Kwa hiyo nyota mbili, moja ya kabati na moja ya dereva, alikuwa na maji baridi na hakusema neno lolote kuhusu wanawake. Nyumba zenyewe nendeni wenyewe, tiketi mnakata mlangoni.