Uzamili wa lugha za Biblia: kitenzi "vunja" kilivyonivunja moyo

Kama unawazia kusoma uzamili wa maandiko ya Biblia na lugha zake chuoni kwetu, usikurupuke. Jina la chuo sitaji, wenyewe watajijua. Habari za ada na idadi ya masomo katazame kwenye tovuti yao. Mimi nina jambo moja tu limenikaa kooni.

Semina ya Kiebrania, muhula wa kwanza ukielekea ukingoni. Tumefika Kutoka 32:19, Musa kashuka mlimani na zile mbao za mawe, kaona ndama, kazivunja. Kitenzi kiko kwenye piel, umbo la kitenzi ambalo kwa kawaida tunaambiwa linakaza tendo; herufi ya kati imekazwa. Tukarukia 1 Samweli 4:18, mzee Eli anaanguka kitini, shingo inavunjika: mzizi uleule, sh-b-r, ila safari hii nifal, umbo la kutendeka. Wenzangu wanahangaika na majedwali, mimi nacheka peke yangu. Jamani, si mnyambuliko huu! Vunja, vunjika, vunjavunja. Mama yangu hajui hata alefu ya Kiebrania, lakini sahani iliyovunjika na sahani iliyovunjwavunjwa na mtu mwenye hasira anazitofautisha bila jedwali. Na hifil, umbo la kusababisha, je? Akhal, kula, heekhil, kulisha. Nikanyoosha mkono, nikasema yote hayo kwa pupa, nakiri.

Mhadhiri alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, taratibu, kioo kimoja kisha cha pili. Akasema, "Hapa hatufundishi Kiswahili. Mwingine?"

Basi. Mtu nyuma yangu akaguna kicheko, akakimeza. Masikio yaliniwaka moto mpaka kipindi kikaisha, na hadi leo sijui baada ya hapo kilisomwa nini.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jibu la maana lilikuwepo! Nilikuja kulikuta mwenyewe maktaba. Ile dhana kwamba piel ni kukaza tendo tu, wataalamu wameipinga zamani; mwaka 1968 Ernst Jenni, Mswisi, alitoa kitabu kizima juu ya piel, akieleza kwamba inatazama hali inayoletwa na tendo kuliko nguvu ya tendo lenyewe. Kwa hiyo "vunjavunja" yangu ilikuwa na kasoro. Sawa! Si angesema? Sekunde kumi zingetosha, na ningetoka na somo badala ya fedheha. Halafu wiki iliyofuata tukakaririshwa vifupisho vya Kilatini vilivyo chini ya kurasa za Biblia Hebraica Stuttgartensia, toleo la Biblia ya Kiebrania tunalotumia darasani: frt ni fortasse, "huenda", prp ni propositum, "imependekezwa". Kilatini ruksa, Kiswahili mwiko.

Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha masomo. Kweli kabisa. Sikuituma kwa sababu ya Mwanzo 4:8, na aliyetufundisha ni bwana huyohuyo wa miwani. Alitusomesha kwa sauti: Kaini akamwambia Habili ndugu yake... halafu akanyamaza. Tukadhani kapotea mstari. Kumbe maandishi yenyewe ndiyo yananyamaza. Toleo letu linafuata Kodeksi ya Leningrad, hati ya kale ya Biblia ya Kiebrania iliyonakiliwa kwa mkono karibu mwaka 1008, na humo Kaini anaanza kusema lakini hatuambiwi alisema nini; ghafla wako uwandani na mtu anauawa. Septuaginta, ile tafsiri ya kale ya Kiyunani, imeziba pengo: twende uwandani. Torati ya Wasamaria nayo imeziba. Je, maneno yalidondoka wakati wa kunakili, au walioyaongeza ndio walioshindwa kuvumilia ule ukimya? Tulibishana saa mbili, naye anachochea tu, hamkatizi mtu. Usiku ule sikulala, na sikujali.

Sasa sijui niseme nini. Nilianza kuandika nikikusudia nyota moja. Nikikumbuka Kaini, nyota nne. Nikikumbuka ile miwani inavyofutwa, naishiwa na ukarimu, basi weka mbili. Au tatu. Mkienda, nendeni na ngozi ngumu, na mlinganisho wenu wa Kiswahili uandikeni pembeni mwa daftari kimyakimya. Wangu umeshajaza kurasa kadhaa.

Muhula ujao kuna Kiaramu, zile sura za Danieli kuanzia 2:4. Anayefundisha ni yeye. Nimeshajiandikisha.