Seti kamili ya DVD za I Love Lucy: hapa ndipo Lucille Ball anapoonekana vizuri

Seti kamili ya DVD za I Love Lucy, kipindi cha vichekesho cha televisheni kilichoongozwa na mwigizaji Lucille Ball katika nafasi ya Lucy, inakusanya mahali pamoja sehemu 180 za nusu saa zilizorushwa na kituo cha CBS cha Marekani kuanzia tarehe 15 Oktoba 1951 hadi tarehe 6 Mei 1957, pamoja na vipindi 13 vya saa moja vilivyofuata hadi mwaka 1960. Ni mzigo mkubwa, na mnunuzi ana haki ya kuuliza kama vichekesho vya picha nyeusi na nyeupe, vilivyoanza kutengenezwa zaidi ya miaka 70 iliyopita, vina cha kumpa leo. Mimi nasema vinacho, tena kingi. Vipande vifupi vinavyozunguka mtandaoni humwonyesha Lucille Ball kama mwanamke aliyejaliwa uso wa kuchekesha, basi. Anayemtazama kwa mfululizo, msimu baada ya msimu, anamwona fundi aliyekitafuta kila kicheko, akakipima, akakifanyia mazoezi mpaka kikamtii.

Ufundi huo haukuja kwa siku moja, na hapa mtazamaji atalazimika kujazia mwenyewe yale ambayo seti haisimulii. Lucille Ball alizaliwa mwaka 1911 mjini Jamestown, katika jimbo la New York, na baba yake alifariki kwa homa ya matumbo mwaka 1915. Akiwa bado msichana mdogo alipelekwa shule ya maigizo jijini New York, ambako Bette Davis, aliyekuja kuwa nyota wa filamu, naye alikuwa mwanafunzi, na walimu wakamweleza mama yake kwamba anapoteza fedha zake bure. Akageukia kazi ya kuonyesha mavazi, akaugua kwa muda mrefu, akapona, na mwaka 1933 akafika Hollywood kama mmoja wa wasichana wa kupamba nyuma ya nyota wakubwa. Kwa miaka mingi iliyofuata aliigiza katika filamu nyingi bila kupata nafasi iliyomfaa. Mlango ulifunguka kwa njia ya redio: kuanzia mwaka 1948 alicheza nafasi ya mke mwenye vituko katika My Favorite Husband, na mtayarishaji wake, Jess Oppenheimer, alimpa tiketi za kwenda kumtazama mchekeshaji Jack Benny akirekodi mbele ya hadhira, ili aone jinsi uso na mwili vinavyoweza kuchekesha hata pale ambapo kipaza sauti hakivioni. Lucille Ball alirudi amebadilika. CBS walipotaka kuhamishia kichekesho hicho kwenye televisheni, aliwaambia kwamba mume wa kwenye kipindi atakuwa mume wake wa ndoa, Desi Arnaz, mwanamuziki kutoka Kuba. Wakubwa wa kituo walisita, wakidai kwamba watazamaji hawataamini ndoa ya namna hiyo. Mwaka 1950 wawili hao walizunguka majukwaani na onyesho lao, na watu wakajaa.

Jambo la kwanza litakalomshangaza mnunuzi ni ubora wa picha. Mistari ya uso inaonekana, nakshi za nguo zinaonekana, hata jasho la mwigizaji katika pilikapilika za mwisho wa sehemu linaonekana. Usafi huo una historia inayostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu bila uamuzi mmoja wa kibiashara huenda seti hii isingekuwepo. Wakati huo vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na watazamaji wa pwani ya magharibi walipelekewa nakala iliyopatikana kwa kuelekeza kamera kwenye kioo cha televisheni, nakala yenye ukungu na isiyopendeza. Lucille Ball na mumewe hawakutaka kuhama California, wakashikilia kwamba kipindi kipigwe huko huko kwa filamu ya milimita 35, kwa kamera tatu kwa wakati mmoja, mbele ya hadhira ya watu wapatao 300. Gharama ilipanda. Ili kuipunguza, walikubali malipo yao yakatwe dola 1,000 kwa wiki, kwa sharti kwamba kampuni yao ya Desilu ndiyo iwe mmiliki wa filamu hizo. Wachache sana walidhani siku hizo kwamba kipindi kilichokwisha kurushwa kinaweza kuuzwa tena. Miaka michache baadaye CBS waliwalipa mamilioni ya dola kununua walichokuwa wamekiacha, na Desilu ikanunua studio za filamu za RKO, zile zile ambazo Lucille Ball aliwahi kuzitumikia kama mwigizaji wa kuajiriwa.

Kazi ya kupiga picha ilikabidhiwa kwa Karl Freund, aliyejijengea jina Ujerumani katika enzi za filamu zisizo na sauti. Tatizo lake lilikuwa kwamba kamera tatu zinazotembea zinahitaji sakafu tupu, tena kila moja inadai mwanga wake. Freund alizipandisha taa juu, akausawazisha mwanga jukwaa zima, na kwa hiyo waigizaji waliweza kucheza kama wapo kwenye tamthilia ya jukwaani, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kusimamishwa kila mara. Vicheko vinavyosikika ni vya watu waliokuwepo. Mtazamaji makini atamwona Lucille Ball akikisubiri kicheko kifike kileleni, akikiacha kianze kushuka, ndipo atamke neno linalofuata.

Sehemu inayofungua msimu wa pili, iliyorushwa tarehe 15 Septemba 1952, ingetosha peke yake kuthibitisha ninayoyasema. Lucy na jirani yake Ethel wameajiriwa katika kiwanda cha chokoleti, na kazi yao ni kufunga kila chokoleti kwa karatasi inapopita mbele yao kwenye mkanda wa mashine. Msimamizi amewaonya kwamba ikipita hata moja bila kufungwa, kazi hawana. Mwanzo mkanda unakwenda polepole, na wanawake wawili wanatazamana kwa kuridhika. Kisha mwendo unaongezeka kidogo. Lucy anaokota moja iliyompita na kuitia mdomoni, halafu mbili, halafu kofia inajaa, kifua cha nguo kinajaa, mashavu yanavimba. Hatua kwa hatua: hakuna kituko kinachotokea kabla ya kile kilichotangulia kutumika chote. Msimamizi anaporudi anakuta mkanda mtupu, anasifia, na kuamuru uongezwe kasi. Macho ya Lucille Ball wakati huo, mdomo ukiwa umejaa hata hawezi kulia, ndiyo yanayovunja mbavu. Vivian Vance, anayeigiza Ethel, anastahili sifa sawa, kwa maana yeye ndiye anayeushika mwendo ili mwenzake apate nafasi ya kuucheza.

Katika msimu huo huo kuna sehemu ambazo naziona kuwa kiini cha seti nzima. Lucille Ball, aliyempata mtoto wake wa kwanza, binti, mwaka 1951 akikaribia miaka 40, alipata ujauzito tena, na badala ya kuufunika ikaamuliwa kwamba Lucy wa kwenye kipindi naye awe mjamzito. Uoga wa watu wa televisheni ulikuwa mkubwa kiasi kwamba padri, mchungaji na rabi waliombwa kupitia miswada. Katika sehemu ambayo Lucy anampasha mumewe habari, Ricky, yaani huyo mume anayeigizwa na Desi na ambaye ni mwanamuziki, anapokea karatasi klabuni anakoimba, ikimwomba awaimbie wanandoa wanaotarajia mtoto. Anapita meza baada ya meza akiimba na kuwatafuta, mpaka anamkuta mke wake mwenyewe ameketi, anaendelea na wimbo, kisha sauti inamkatika. Machozi yaliyowatoka wote wawili hayakuwa kwenye mswada. Sehemu ya kuzaliwa kwa mtoto ilirushwa tarehe 19 Januari 1953, siku ile ile Lucille Ball alipojifungua mwana kwa upasuaji, na ikatazamwa na watu wapatao milioni 44. Yenyewe ni kichekesho kitupu: mume na majirani wamefanya mazoezi ya safari ya hospitali kwa utulivu mkubwa, na saa inapowadia wanagongana, wanamwaga masanduku, wanakimbia nje na kumwacha mama mzazi chumbani.

Seti ina kasoro zake. Vipo visa ambavyo Ricky anamwadhibu mkewe kama anavyoadhibiwa mtoto, hata kumchapa, na hadhira ya siku hizo inacheka. Mimi sikuweza kucheka, na sidhani kwamba umri wa kipindi unatosha kuwa utetezi. Mzaha kuhusu lafudhi ya Ricky unarudiwa hadi unachosha. Msimu wa sita, ambamo familia inahamia mashambani Connecticut, umelegea, kwani mivutano ya kuishi jengo moja na majirani ndiyo iliyokuwa injini ya hadithi. Vipindi vya saa moja vinategemea mno wageni mashuhuri, na katika vile vya mwisho ubaridi kati ya Lucille na Desi unajitokeza kila wanaposimama pamoja. Walitalikiana mwaka 1960.

Yaliyomtokea Lucille Ball baada ya hapo hayamo kwenye DVD hizi, nalo ni pengo la kweli. Mwaka 1962 alinunua hisa za Desi na kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza studio kubwa ya televisheni Marekani, na ni chini ya uongozi wake ambapo tamthilia za televisheni za Star Trek na Mission: Impossible ziliruhusiwa kutengenezwa, kabla hajaiuza Desilu mwaka 1967. Aliendelea na vipindi vingine viwili vilivyodumu hadi mwaka 1974, akajaribu tena mwaka 1986 bila mafanikio, na alifariki mwezi Aprili 1989. Anayetaka maisha yake yote atalazimika kutafuta kwingineko.

Kwa anayeandika, anayeigiza au anayetayarisha vichekesho, ninashauri anunue seti nzima bila kusita. Kwa mtazamaji wa kawaida, misimu miwili ya kwanza inatosha kuanzia, kisha aruke hadi msimu wa nne, ambapo safari ya kwenda Hollywood inaipa hadithi nguvu mpya, na ule wa sita auache kwa siku ambayo hana lingine la kutazama.