Kombi Isiyowaka Ikiwa Moto: Kubadilisha Stata au Kupima Kwanza?

Kombi kuukuu ya Volkswagen iliyotiwa kitanda na jiko kwa ajili ya safari huwaka vizuri alfajiri, lakini ikifika Malindi kutoka Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi, na kuzimwa kwenye kituo cha petroli, mara nyingine ufunguo huzungushwa na mlio mmoja tu ukasikika. Ikipoa, huwaka.

Njia ya kwanza ni kubadilisha stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake. Ni ya haraka na huenda ikafaulu, kwa kuwa stata iliyochakaa hulemewa na joto. Ila ni ghali, na kosa likiwa kwingine tatizo litarudi.

Njia ya pili, ambayo naipendelea kwa dhati, ni kupima volti wakati ule ule inapogoma, kwani ikishapoa dalili hupotea. Injini ya Kombi iko nyuma, hivyo waya wa swichi ya ufunguo hupita urefu wa gari karibu zima kabla ya kufika kwenye solenoidi, yaani swichi ya sumaku-umeme inayowasha stata, na upinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za joto. Ufunguo ukiwa umezungushwa, ikiwa betri inaonyesha volti 12 huku solenoidi ikipata 8, kosa si la stata, na relei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) ya bei nafuu iliyofungwa karibu na stata huweza kutosha. Waya wa betri na bodi nao upimwe, maana hewa ya chumvi ya pwani yetu hula viungio. Solenoidi ikipata volti za kutosha na bado stata isizunguke, hapo ndipo ifunguliwe.