Kruzi ya Alaska, ulale kulia au kushoto? Sisi tulilala pande zote mbili

Juni mwaka jana tulipanda meli ya kitalii kutoka Vancouver mpaka Whittier, Alaska, siku 7, mimi na mke wangu, binti yetu na bimkubwa aliyetoka Tanga kuja kututembelea. Tulichukua vyumba viwili vyenye balkoni, na kwa vile tulichelewa kubuki vikaangukia pande tofauti, bimkubwa na mjukuu wake kulia, sisi kushoto. Wakala aliyetuuzia nilimuuliza kabisa, akasema we usijali bahari ni ile ile. Jamani sio ile ile!

Kulia ninayosema ni ukisimama ukaangalia omo, mbele ya meli. Meli ikipanda kaskazini bara linakuwa kulia kwako muda mwingi, kushoto unabaki na visiwa, na visiwa vikiisha ni Pasifiki tupu. Siku ya kwanza hamna tofauti kubwa, sisi tuliona Kisiwa cha Vancouver wao wakaona bara, misitu inashuka mpaka majini. Njia ya kuingia mji wa Skagway nayo milima iko kote kote. Kilichotuuma ni baada ya Glacier Bay, ile ghuba ya hifadhi yenye barafu, meli ilipoingia bahari kubwa kuikata Ghuba ya Alaska. Saa tatu usiku jua bado liko juu, anga safi, binti anapiga simu ya chumbani baba njooni haraka, tunafika tunakuta Mlima Fairweather umesimama wote, mita 4,671, theluji tupu, na uko karibu na pwani kabisa kiasi kwamba unauona ukiinuka kama unatokea majini. Kule kwetu maji mpaka upeo wa macho. Toka hapo tukahamia kwa bimkubwa, chumbani kwetu tunaenda kulala tu, na hela ya balkoni tumelipa sawa sawa na yao.

Bimkubwa siku ya kwanza alihangaika na kibla, tukaangalia kwenye simu ikatoka karibu kaskazini kabisa, maana toka huku njia fupi ya kwenda Makka inapitia juu kule kwenye ncha ya dunia, kwa hiyo mara nyingi alikuwa anaswali ameelekea kule kule meli inakokwenda, anageukia kulia kidogo.

Ila kwa barafu yenyewe usigombanie upande. Ndani ya Glacier Bay meli inasimama mbele ya Margerie, ukuta wa barafu wenye upana wa kilomita moja na nusu hivi, inakaa kama saa nzima na inajigeuza taratibu pale pale ili kila upande upate zamu yake. Mimi nashauri uende deki ya juu na koti zito, huko ndo unasikia barafu inapasuka kama radi, na maafisa wa hifadhi waliopanda meli wanaelezea kwenye spika.

Kitu kingine ambacho kwangu ni kizito hata kuliko upande, chumba kiwe katikati ya meli na deki za chini chini. Chetu kilikuwa omo, usiku ule ule wa Fairweather bahari ikachafuka, mke wangu hakulala, anatapika mpaka alfajiri, bimkubwa yeye yuko katikati kaamka anauliza kwani kulikuwa na mawimbi?

Kwenye ramani ya deki hakikisha kwanza omo imechorwa wapi ndo uhesabu kulia na kushoto, usitegemee namba witiri au shufwa maana kila kampuni na mpangilio wake. Angalia pia boti za kuokolea zisikuzibe, ukiona balkoni bei yake imeshuka sana uliza sababu.

Ukianzia Whittier au Seward kushuka Vancouver basi geuza, chukua kushoto. Zile za kwenda na kurudi Seattle usiongeze hata dola moja kwa ajili ya upande, mengi uliyokosa ukienda utayakuta ukirudi. Halafu Skagway mkipanda treni ya White Pass wahini siti za kushoto, korongo liko huko, na wakati wa kurudi abiria mnabadilishana pande.