Mafuta ya samaki kwa baridi yabisi: geuza kopo usome nyuma

Ukizunguka famasi za Moshi mjini kutafuta kirutubisho cha baridi yabisi, nunua mafuta ya samaki. Yana ushahidi wa maana kuliko vingi vinavyopangwa nayo rafu moja. Wengi huyatumia bila faida kwa sababu ya kipimo.

Mbele ya kopo utasoma 1000 mg. Huo ni uzito wa mafuta yote. Kinachofanya kazi ni EPA na DHA, aina mbili za mafuta ya omega-3, navyo huandikwa nyuma kwa maandishi madogo: kidonge cha kawaida kina EPA 180 mg na DHA 120 mg, jumla 300 tu. Tafiti zilizoonyesha nafuu zilitumia takriban gramu 2.7 kwa siku. Hivyo ni vidonge tisa, na kopo la vidonge 60 halimalizi wiki! Kwa hiyo usilinganishe bei kopo kwa kopo. Gawa bei kwa jumla ya EPA na DHA iliyomo. Yaliyokolezwa, yenye 500 au 600 kwa kidonge, huonekana ghali kaunta, lakini ukipiga hesabu huenda yakawa nafuu.

Gawanya vidonge mara tatu, umeze pamoja na chakula, la sivyo utacheua samaki mchana kutwa. Subiri miezi mitatu ndipo uhukumu. Dalili ya kuangalia ni vidole vya asubuhi: vinachukua muda gani kulegea hadi uweze kufunga vifungo vya shati? Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aongee na daktari kwanza.

Kabla ya kumeza, kata kidonge kimoja kwa mkasi unuse. Mafuta mazima yananukia samaki kidogo. Harufu kali, kama ya mafuta ya kukaangia yaliyolala siku nyingi, maana yake yameharibika. Makopo yaliyopangwa dirishani juani, kwa joto la Moshi la Februari, yaache hapohapo.

Usichanganye na mafuta ya ini la samaki. Hayo yana vitamini A, na ukiyafikisha kipimo hiki vitamini hiyo inaweza kuzidi, mjamzito asiyaguse. Glukosamini nayo ni ya viungo vilivyosagika kwa umri, ugonjwa mwingine kabisa.

Na hakuna kopo linalozuia kiungo kuliwa na ugonjwa. Hiyo ni kazi ya methotrekseti na dawa za kundi lake. Methotrekseti yenyewe humezwa mara moja tu kwa wiki, na asidi ya foliki kwa siku aliyopanga daktari. Mafuta yanasindikiza dawa, hayachukui nafasi yake.

Linalotuumiza zaidi ni unga wa “mitishamba” usio na lebo. Unga huo ukituliza maumivu ndani ya siku mbili, shuku umechanganywa na steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe. Uso unavimba, sukari inapanda. Aliyeutumia wiki kadhaa asiuache ghafla, maana mwili huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe. Abebe pakiti aende nayo hospitali, aionyeshe.